WAHAMISHE NYUKI, USIWAFUKUZE

Labda wewe ni mmoja wa wale wa Kibera au Kawangware ambao nyuki waliwajia wenyewe, wakaingia katika sanduku kuukuu nyuma ya nyumba. Mwanzoni ulifurahi. Sasa mbao zimeoza, masega yamekuwa meusi, na asali ni kidogo. Tena nyumba za jirani zimebanana na watoto hucheza papo hapo. Yafaa nyuki hao wahamie mzinga mpya, wajenge masega mapya.

Ubaya wa sega jeusi ni huu. Kila mtoto wa nyuki akikua huacha ngozi nyembamba ndani ya tundu lake. Baada ya vizazi vingi matundu huwa membamba, na nondo wa nta hupenda kutaga mayai humo.

MZINGA MPYA

Tumia mzinga wenye vibao vya juu, ulioendelezwa hapa Kenya katika miaka ya 1970 na wataalamu wetu pamoja na wale wa Kanada. Kila kibao kiwe na upana wa milimita 32, maana hicho ndicho kipimo cha sega moja la nyuki wetu pamoja na njia yao ya kupita. Yeyusha nta, upake mstari mmoja katikati ya kila kibao. Nyuki wataufuata mstari huo wakijenga.

KAZI YENYEWE

Usiifanye mchana, wala usiifanye peke yako. Waarifu majirani mapema. Watoto wawe ndani, na mbuzi na mbwa waondolewe kabisa. Anza jua linapokuchwa, ukiwa umevaa mavazi ya nyuki yasiyo na upenyo. Ikiwa hujapata kufungua mzinga maishani mwako, mwite kwanza mtu mwenye ujuzi. Nyuki wetu ni wakali, na wakichomoka kwa wingi wanaweza kuua mtu.

Puliza moshi, kisha sogeza sanduku la zamani kando, na uweke mzinga mpya mahali pale pale. Nyuki hukumbuka mahali, hawakumbuki sanduku. Kata sega moja moja. Masega ya asali tia ndooni na ufunike upesi, kwa sababu harufu yake huwaita siafu na nyuki wezi. Masega yenye majana, yaani watoto wa nyuki, yafunge kwa uzi wa katani chini ya vibao, upande wa juu ubaki juu kama yalivyokuwa. Nyuki watayagandisha wenyewe, kisha watatafuna uzi na kuutupa nje.

Mtafute malkia. Ukimwona, mtie katika kikasha chenye matundu madogo, umfunge kati ya masega ya majana, na umfungulie siku ya tatu. Usipomwona, kung'uta nyuki wote ndani kwa upole, kisha tazama mlangoni. Wakiinua mikia na kupepea mabawa, na wenzao wakiingia kwa safu, jua kwamba yumo.

KOSA LANGU

Nilipohamisha nyuki mara ya kwanza, niliona siku ya nne wameanza kujenga sega jeupe. Nikafurahi, nikaona yale meusi ni uchafu tu, nikayatoa yote pamoja na majana. Kesho yake mzinga ulikuwa kimya. Walikuwa wamekwenda zao, nami nikabaki na sanduku jipya tupu.

Nilisahau kwamba majana ndiyo yanayowafunga nyuki nyumbani. Nyuki kibarua huchukua siku 21 tangu yai mpaka kutoka tunduni. Kwa hiyo ngoja majuma matatu. Kila unapofungua, sukuma masega meusi kuelekea mwisho wa mzinga, mbali na mlango, na uweke vibao vitupu karibu na masega mapya. Majana yakiisha kutoka, toa sega jeusi uliyeyushe nta. Ukiona mayai mapya ndani yake, subiri tena.

BAADA YA HAPO

Mzinga usikae daima katikati ya nyumba. Lakini ukiutoa Kibera na kuuweka ukingoni mwa msitu wa Barabara ya Ngong, nyuki wengi watarudi kukutafuta pale pale, maana huruka kilomita tatu na zaidi wakitafuta chakula. Upeleke mbali, kilomita tano au zaidi, usiku, mlango ukiwa umezibwa kwa wavu wa kupitisha hewa. Kama una shamba nyumbani kwenu, huko ndiko kunakofaa.

Ukiwa na shaka, usione haya kuuliza. Chuo cha Taifa cha Ufugaji Nyuki kiko Lenana, upande huo huo wetu wa Barabara ya Ngong. Nauli ya kwenda kuuliza ni ndogo kuliko hasara ya kundi lililotoroka, na ni ndogo zaidi kuliko machozi ya jirani ambaye mtoto wake ameumwa.