Shahidi na Mfiadini: Habari za Yosefu Mukasa

Mwanafunzi akiulizwa, "Shahidi ni nani?" huenda akajibu upesi, "Ni mtu aliyeuawa kwa ajili ya dini." Jawabu hilo si la uongo, lakini limepungua. Shahidi, neno lenye asili ya Kiarabu, kwanza ni neno la barazani: ni mtu aliyeona jambo, akaitwa kulisema mbele ya kadhi. Neno la Kiyunani, martys, lina maana iyo hiyo. Mfiadini lataja kifo. Shahidi lataja maneno yaliyokitangulia. Jambo hili laonekana wazi katika maisha ya Yosefu Mukasa Balikuddembe wa Buganda.

Yosefu alitumika katika nyumba ya Kabaka, akabatizwa mwaka wa 1882. Mwaka ule ule Mapadre Weupe waliondoka Buganda, wakavuka Ziwa mpaka Bukumbi, wasirudi ila mwaka wa 1885. Muda huo wote yeye ndiye aliyewakusanya waamini na kuwafundisha. Kabaka Mwanga, aliyeanza kutawala mwaka wa 1884, alimpa mamlaka juu ya vijana wa nyumbani mwake. Naye Yosefu akawakinga vijana hao na tamaa mbaya za bwana wake.

Hata Oktoba 1885, Askofu James Hannington wa Kanisa la Anglikana akauawa Busoga kwa amri ya Mwanga. Yosefu akamkemea Kabaka kwa kumwua mgeni pasipo kumpa nafasi ya kujitetea. Askofu yule hakuwa wa Kanisa lake. Yosefu angaliweza kunyamaza, wala asilaumiwe na mtu.

Tarehe 15 Novemba 1885 alikatwa kichwa, na mwili wake ukateketezwa. Kabla ya kufa alimwagiza mwuaji amwambie Mwanga ya kuwa amemhukumu pasipo haki, lakini yeye amemsamehe, naye na atubu. Huo ndio ushahidi: kweli haikufichwa, wala chuki haikutiwa ndani yake. Karoli Lwanga, aliyebatizwa siku ile ile, akashika kazi ya kuwaongoza vijana, hata naye akachomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Papa Paulo VI aliwatangaza wote 22 kuwa watakatifu mwaka wa 1964.

Basi, walimu wenzangu, tusiwafundishe watoto kifo cha Yosefu peke yake. Walioitwa kuifia dini ni wachache. Bali kumwambia mkubwa neno la haki, tena bila chuki, ni wajibu wetu sote.