Sahihi za Baraza

Ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira huwa nene. Mbele kuna ramani, katikati majedwali ya vumbi, kelele na maji ya chini ya ardhi. Nyuma kabisa, ambako wasomaji wengi hawafiki, kuna karatasi za mahudhurio ya baraza. Safu zake karibu hazibadiliki: jina, kijiji, namba ya kitambulisho, namba ya simu, sahihi. Mstari mmoja una mwandiko wa darasani, herufi wima na safi. Unaofuata una jina lililoanza kwa wino wa buluu likamalizika kwa mweusi, kalamu ilikauka njiani. Mahali pengine majina kadhaa yamefuatana kwa mwandiko wa mtu mmoja, kila jina na sahihi yake mbele. Kisha alama za vidole gumba, nyingine zimepakazika kwa sababu aliyefuata aliuegemeza mkono kabla wino haujakauka. Kwenye safu ya simu, wazee wengi wana kistari tu.

Nilizifikia karatasi hizi nikitafuta jambo jingine, nikashindwa kuziacha. Barabara, bandari, bwawa au mtambo wa umeme unapoombewa leseni kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA, sehemu kubwa ya ushahidi kwamba wananchi walishirikishwa ni kurasa hizi. Je, zinathibitisha nini hasa?

Aliyenisaidia kuzisoma ni mtaalamu aliyesajiliwa na NEMA, mama ambaye kazi yake ni kuandaa ripoti za aina hiyo. Jina lake halitajwi hapa kwa sababu riziki yake hutoka kwa wawekezaji. Kwake, karatasi ya mahudhurio husomwa kama daktari asomavyo picha ya eksirei. Kwanza hutazama saa ya kuanza na ya kumaliza. Baraza la saa moja lililohudhuriwa na umati, na nusu yake ikaliwa na utambulisho wa wageni, anasema, halikuwa na nafasi ya maswali. Kisha huhesabu wanawake. Kisha huangalia vijiji: kama mradi utaziba njia ya wavuvi, wako wapi wavuvi, au baraza liliitishwa wakati wamo baharini?

Halafu hutazama kitu ambacho mimi nilikuwa nimekipita. Karatasi ile ile ya mahudhurio, mara nyingine, ndiyo inayotumika kulipia nauli na chakula. Mwananchi hutia sahihi mara moja, naye ameipokea soda na nauli yake. Ikifika Nairobi, sahihi hiyo inasomwa kana kwamba ameukubali mradi. Mtaalamu huyu siku hizi huandaa karatasi mbili, moja ya kuhudhuria na moja ya kupokea, na juu ya ile ya kwanza huandika kwa herufi kubwa kwamba kuhudhuria si kukubali. Wazee humwita mwanangu, naye anasema jina hilo humlemea kuliko kanuni yoyote.

Kanuni zenyewe si haba. Sheria ya mazingira ya mwaka 1999 inakataza mradi ulio kwenye orodha yake kuanza bila leseni. Kanuni za mwaka 2003 zikafafanua hatua: mabango yabandikwe karibu na eneo la mradi, tangazo lichapishwe wiki mbili mfululizo katika gazeti linaloenea nchi nzima, redio itangaze kwa lugha rasmi na lugha ya wenyeji, na ifanyike mikutano isiyopungua mitatu na watu watakaoguswa. Anatakiwa hata mratibu wa kupokea na kuandika maoni, ya mdomo na ya maandishi. Ripoti ikishafika NEMA, umma hualikwa tena kutoa maoni.

Lamu ndiko kanuni hizi zilikopimwa mbele ya macho ya nchi nzima. Kampuni ya Amu Power ilitaka kujenga mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 huko Kwasasi, upande wa bara, katika kaunti ambayo mji wake wa kale uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001. NEMA ilitoa leseni Septemba 2016. Shirika la Save Lamu na wenzake wakakata rufaa mbele ya Jopo la Kitaifa la Mazingira. Tarehe 26 Juni 2019 jopo likaifuta leseni hiyo, likaagiza kwamba mwekezaji akitaka kuendelea aanze tathmini upya.

Mikutano ilikuwepo. Hili ndilo linalomkaa moyoni mtaalamu wangu. Hakuna aliyeweza kusema watu hawakuitwa kabisa. Jopo lilipotazama, likaona mikutano ile ilikuwa ya kuutambulisha mradi, kabla ya uchunguzi kukamilika. Wananchi walikutanishwa na wazo, hawakukutanishwa na matokeo. Walipaswa kurudiwa, waambiwe moshi utaelekea wapi, majivu yatalazwa wapi, maji ya moto yatafanya nini kwenye mikoko na samaki, ndipo waulizwe wanasemaje. Katika uamuzi wake jopo lilisema ushirikishaji wa umma ni hewa inayoipa ripoti uhai, na bila hiyo ripoti huzaliwa imekufa, hata iwe nene kiasi gani.

Tangu uamuzi huo, anasema, anapofungua ripoti ya mwenzake haanzi na idadi ya sahihi. Anaanza na tarehe. Anaweka tarehe ya baraza kando ya tarehe ya vipimo vya maabara. Baraza likitangulia vipimo vyote na lisifuatwe na jingine, anajua kwamba watu waliulizwa kuhusu jambo ambalo hata mwulizaji alikuwa bado hajalijua. Ni kazi ya dakika chache kwa mtu mwenye kalamu. Ofisa wa NEMA naye anaweza kuifanya akiwa mezani kwake Nairobi, bila gari wala mafuta, nami sioni sababu ya kutoifanya kwa kila faili.

Lakini tarehe nazo zina mpaka. Nilimuuliza kuhusu jambo linalosemwa kwa sauti ya chini katika fani yake: gharama ya tathmini hubebwa na mwenye mradi, na mtaalamu huchaguliwa naye. Hakukwepa. Alikiri kwamba mteja asiyependa matokeo hawezi kumlazimisha aandike uongo, ila anaweza asimwite tena. Anawajua wenzake waliokataa kusema uongo na sasa hawana kazi, na wengine ambao hawakusema uongo, walinyamaza tu mahali fulani katikati ya ukurasa. Yeye angependa mtaalamu ateuliwe na NEMA na alipwe kupitia NEMA kwa fedha za mwekezaji. Nilipomuuliza kama mamlaka yenyewe, iliyofutiwa leseni yake na jopo, ingekuwa msimamizi bora, alitulia, kisha akasema hilo hana jibu lake.

Nami sina. Hata hivyo kuna haki moja ambayo haisubiri mageuzi. Ripoti iliyo mbele ya NEMA si siri; mwananchi anaruhusiwa kuiona katika ofisi za mamlaka, na kuipinga kwa maandishi au kwa mdomo. Kanuni zinairuhusu NEMA kuitisha kikao cha hadhara mahali panapofikika na watu watakaoathirika. Zinairuhusu, haziilazimishi. Kwa hiyo anayepewa kalamu barazani ana haki ya kuuliza kabla ya kutia sahihi: vipimo vimekamilika? Mtarudi lini kutuonyesha? Na jibu hilo liandikwe kwenye kumbukumbu za kikao, lenye tarehe, ili atakayeifungua ripoti ile nyuma kabisa akute ahadi pamoja na majina ya walioahidiwa.