Uzoefu Wautafute Wapi?

Apitaye Malindi asubuhi, kati ya lango la bandari na ofisi za mawakala wa forodha, hakosi kuwaona vijana wenye bahasha za kaki mikononi. Ndani mna shahada ya uhasibu na barua ya kuomba kazi. Wengi hurudi nazo nyumbani.

Waajiri husema kwamba vijana hawa hawajui kazi, na neno hili si uzushi mtupu. Yupo mhitimu awezaye kueleza kwa ufasaha kanuni za kimataifa za hesabu, ambazo Tanzania ilizipokea mwaka 2004, lakini mpe daftari la fedha na taarifa ya benki azilinganishe, hajui aanzie wapi. Na hapa Unguja liko la ziada. Kodi ya mapato na ushuru wa forodha ni mambo ya Muungano, hushikwa na TRA. Kodi ya ongezeko la thamani hushikwa na ZRA. Karani wa hoteli huwaandalia hesabu mabwana wawili, na aliyefunzwa kwa mifano ya Bara humjua mmoja tu.

Lakini mwajiri naye tumwulize. Tangazo lake lataka uzoefu wa miaka mitatu. Kijana aununue Darajani? Aletwapo kwa mafunzo ya vitendo, siku zake huishia kunakili karatasi na kutumwa chai. Leja huiona kwa mbali, kwani mkuu wake achelea siri za ofisi. Makarani wa zamani wa magodauni ya karafuu walikaa pembeni mwa karani mzee, wakaandika, wakakosea, wakasahihishwa, hata mkono ukazoea. Hata Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1972, haitosheki na mitihani peke yake. Yataka na kazi iliyofanywa kwa mikono. Kazi hiyo haipatikani darasani.

Twawataka waajiri, zikitangulia ofisi za umma ambazo ni mali ya wananchi, wampe kila mwanafunzi meza, msimamizi anayejulikana, na vocha za mwezi uliokwisha fungwa. Akikosea hapana hasara: jawabu sahihi limo kabatini. Na atokaye skuli ya biashara ya SUZA huko Chwaka apewe angalau nauli ya daladala ya kufika mjini na kurudi.