Umechoka kufanya bekapu kwa mkono kila wiki? Andika skripti, unaweza kuanza na simu yako

Karibu kila ofisi ina mtu anayeitwa "mtu wa kompyuta". Pengine ni wewe. Kila Ijumaa jioni unaingia kwenye seva, unanakili mafaili ya wiki nzima, unafuta ya zamani, unaangalia diski imebaki na nafasi kiasi gani, ndipo unaondoka.

Halafu Ijumaa moja unapata dharura, au umeme unakatika, au unasahau tu. Diski nayo inaweza kufa wiki hiyo hiyo. Jumatatu bosi anauliza mafaili yako wapi, na huna jibu.

Dawa ya tatizo hili ni ya bure: skripti.

Skripti ni nini hasa?

Ni faili la kawaida la maandishi lenye amri zilizopangwa mstari kwa mstari. Kompyuta inazisoma kuanzia juu na kuzitekeleza, sawasawa na vile ungeziandika wewe mwenyewe moja moja. Kama unaweza kuandika amri moja, unaweza kuandika skripti ya amri tano.

Kwenye kompyuta nyingi za Linux, programu inayopokea amri hizo inaitwa Bash. Iliandikwa na Brian Fox na kutoka mwaka 1989, na bado inatumika kwenye seva kila kona ya dunia. Windows ina PowerShell, iliyotoka mwaka 2006. Hapa tutatumia Bash.

Huna kompyuta? Simu inatosha kuanzia

Kama una Android, pakua app ya bure inayoitwa Termux kutoka F-Droid. Ukiifungua unapata Bash kamili. Usiogope kuharibu kitu: Termux inafanya kazi ndani ya folda yake, na haigusi picha zako mpaka uipe ruhusa mwenyewe.

Anza na amri hizi:

pwd – inakuonyesha uko folda gani
ls – inaorodhesha vilivyomo
mkdir kazi – inatengeneza folda inayoitwa kazi
cp – inanakili faili
df -h – inaonyesha nafasi iliyobaki kwenye diski

Ukikwama, andika jina la amri kisha --help, kwa mfano: cp --help. Zichezee siku mbili tatu mpaka vidole vizoee.

Skripti yako ya kwanza

Weka mafaili mawili matatu ya kujaribia ndani ya folda ya kazi. Kisha andika nano nakala.sh, ubonyeze enter, na uandike mistari hii:

set -eu
CHANZO="$HOME/kazi"
HIFADHI="$HOME/nakala"
LEO=$(date +%F)
mkdir -p "$HIFADHI"
tar -czf "$HIFADHI/kazi-$LEO.tar.gz" -C "$CHANZO" .
echo "$LEO imekamilika" >> "$HIFADHI/kumbukumbu.txt"

Hifadhi kwa CTRL na O, bonyeza enter, toka kwa CTRL na X. Iendeshe kwa kuandika: bash nakala.sh

Tuipitie. CHANZO, HIFADHI na LEO ni majina tuliyojitungia. Bash haijali ukiyaandika kwa Kiswahili. LEO inabeba tarehe, kwa hiyo kila siku inapata faili lake. Amri ya tar ndiyo inayofunga folda nzima kuwa faili moja dogo. Mstari wa mwisho unaandika kwenye daftari kwamba kazi imeisha.

Makosa mawili huwakwamisha wengi wanaoanza. La kwanza, kuweka nafasi kabla au baada ya alama ya =. Bash haikubali. La pili, kusahau alama za kufungia maneno. Folda inayoitwa Ripoti za Machi, bila alama hizo, Bash inaiona kama vitu vitatu tofauti.

Mstari wa kwanza ndio mlinzi wako

set -eu inaonekana ndogo, lakini usiiache. Herufi e inasema: amri ikishindwa, simama hapo hapo. Herufi u inasema: ukikuta jina ambalo halijapewa thamani, simama.

Kwa nini ni muhimu? Chukulia skripti ina amri ya kufuta iliyoandikwa hivi: rm -rf "$FOLDA/"*. Kama FOLDA haijapewa thamani, kinachobaki ni amri ya kufuta kila kitu kuanzia mzizi wa kompyuta. Hili si la kufikirika. Januari 2015 kasoro ya aina hii iligundulika kwenye skripti ya Steam, programu ya michezo, kwa upande wa Linux. Mtumiaji aliyekuwa amehamisha folda yake alijikuta amefutiwa mafaili yake yote, hadi ya kwenye diski ya nje.

Ndiyo maana kabla ya kufuta chochote, kwanza orodhesha. Amri hii inaonyesha nakala zilizopita siku 30:

find "$HOME/nakala" -name "kazi-*.tar.gz" -mtime +30

Isome orodha. Ukiridhika, ndipo uongeze -delete mwishoni.

Ipangie saa, lakini angalia saa za nani

Kwenye seva ya Linux, kazi ya kuamsha skripti hufanywa na programu inayoitwa cron. Andika crontab -e, kisha ongeza mstari kama huu, ukiweka njia ya faili lako:

0 2 * * * bash /home/ofisi/nakala.sh

Sisi wasemaji wa Kiswahili tuwe makini hapa. Hiyo 2 si saa mbili. Cron inahesabu kuanzia usiku wa manane, kwa hiyo 2 ni saa nane usiku. Ukitaka saa mbili asubuhi, andika 8.

Pia seva nyingi za kukodi hufuata saa za UTC, ambazo ziko nyuma ya saa za Afrika Mashariki kwa saa tatu. Andika date kwenye seva uone inasema saa ngapi kabla ya kupanga.

Ikikaa kimya, usidhani iko salama

Hapa ndipo hata wakubwa huanguka. Usiku wa Januari 31, 2017, mhandisi wa GitLab, kampuni inayohifadhi kodi za waandishi wa programu, alifuta kimakosa folda ya hifadhidata kwenye seva kuu akidhani yuko kwenye nyingine. Alistuka haraka akasimamisha, lakini kati ya GB 300 zilikuwa zimebaki GB 4.5.

Wakakimbilia bekapu za kila siku. Hazikuwepo. Programu ya kutengeneza nakala ilikuwa toleo la 9.2 wakati hifadhidata ilikuwa 9.6, kwa hiyo kila siku ilishindwa. Barua pepe za kutoa taarifa ya kosa nazo zilikuwa zinakataliwa njiani. Hakuna aliyejua.

Waliokolewa na nakala ambayo mhandisi alikuwa ameipiga kwa mkono saa sita kabla, kwa ajili ya majaribio. Data ya saa hizo sita ilipotea. GitLab wenyewe walieleza yote hadharani.

Somo ni kwamba skripti inaweza kushindwa kila siku na wewe ukalala usingizi mzuri. Kwa hiyo:

1. Fungua kumbukumbu.txt kila wiki. Kwa sababu ya set -e, tar ikishindwa mstari wa leo hautaandikwa. Ukikosa tarehe, kuna tatizo.

2. Angalia ukubwa wa nakala kwa ls -lh. Faili la jana likiwa MB 200 na la leo KB 1, usifurahie kuokoa nafasi.

3. Mara moja kwa mwezi, rudisha nakala kwa kweli. Tengeneza folda ya jaribio, kisha tumia tar -xzf na jina la nakala, na -C jaribio mwishoni. Fungua mafaili mawili uyasome.

4. Peleka nakala nje ya mashine hiyo. Bekapu iliyo kwenye diski ile ile itakufa nayo.

Usijaribu kugeuza kazi zote kuwa skripti kwa mkupuo. Chagua moja inayokuchosha zaidi, iandike, iache wiki mbili huku bado unafanya kwa mkono, ulinganishe. Zikitoa jibu moja, ndipo uache ya mkono. Ijumaa hiyo unaweza kuwahi nyumbani, ila kabla hujatoka, ichungulie kumbukumbu.txt.