Kiharusi na Mshtuko wa Moyo: Dalili Zake na Jinsi ya Kujikinga

Kila msimu wa ununuzi unapokaribia, mizani ya chama hukaguliwa na kupigwa muhuri, vitabu vya stakabadhi huhesabiwa, na ghala hufagiwa. Anayesahauliwa ni Katibu mwenyewe, ambaye pengine ametimiza miaka hamsini, hukaa kitini kutwa nzima, na hajapimwa shinikizo la damu hata mara moja.

Kiharusi ni ugonjwa wa ubongo. Hutokea pale mshipa upelekao damu kwenye ubongo unapozibwa na damu iliyoganda, au unapopasuka. Sehemu iliyokosa damu huanza kufa katika muda wa dakika chache. Mshtuko wa moyo una asili inayokaribiana na hiyo, ila mshipa uliozibwa ni ule unaoulisha moyo. Wako wanaodai kwamba kiharusi ni kazi ya mapepo. Uchunguzi uliofanywa Dar es Salaam na wilayani Hai ulionyesha kuwa imani hiyo ilikuwa na nguvu zaidi mjini kuliko shambani, jambo ambalo wengi wasingelitarajia. Utafiti mwingine, wa mwaka 2003 hadi 2006, katika sehemu hizo hizo mbili, ulionyesha kuwa kiwango cha kiharusi Dar es Salaam kilikuwa kikubwa kuliko kile cha nchi nyingi tajiri. Basi haifai tena kuuita ugonjwa wa Wazungu.

Dalili za kiharusi huja kwa ghafla. Tuseme siku ya malipo mwanachama amefika mezani, na kalamu inamponyoka mkononi. Aambiwe atabasamu: je, upande mmoja wa uso umelegea? Ainue mikono yote miwili: je, mmoja unashuka? Aseme jina lake na la kijiji chake: je, maneno yanakokoteka, au hayaeleweki? Dalili moja tu kati ya hizo yatosha kumpeleka hospitali. Walio karibu wasidhani kuwa amelewa. Katibu aandike saa ambayo dalili zilianza, kwa kuwa hilo ndilo swali la kwanza la daktari. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, mahali inapopatikana, hutolewa katika muda wa saa nne na nusu tu. Mgonjwa asipewe chakula wala maji, maana huenda hawezi kumeza vema na akapaliwa. Asipewe aspirini pia, kwa sababu hakuna awezaye kujua kwa macho kama mshipa umeziba au umepasuka.

Pengine dalili hutoweka baada ya dakika chache, mgonjwa akarudi kwenye foleni akicheka. Hapo ndipo wengi hupotea. Hilo ni onyo, na hatari ya kiharusi kamili ni kubwa zaidi katika siku chache zinazofuata. Apelekwe siku hiyo hiyo.

Mshtuko wa moyo hujulikana kwa maumivu ya kubana katikati ya kifua, ambayo huweza kuenea begani, mkononi, shingoni, tayani au mgongoni, pamoja na jasho jembamba la baridi na kukosa pumzi. Wanawake na wenye kisukari huenda wasisikie maumivu makali. Huona uchovu usio wa kawaida, kichefuchefu, au kitu kama kiungulia. Mgonjwa akalishwe, asitembezwe kwa miguu hadi zahanati. Hapa aspirini husaidia, yaani miligramu 300 za kutafunwa, iwapo mganga amekubali na mgonjwa hana mzio nayo.

Kuhusu kinga, adui mkubwa ni shinikizo la juu la damu, ambalo kwa kawaida haliumi. Kipimo cha 140 kwa 90 au zaidi, kikirudiwa siku nyingine na kubaki hivyo, chahitaji uangalizi wa mganga. Duniani, karibu nusu ya watu wazima wenye hali hiyo hawajui kuwa wanayo. Kamati inaweza kumwomba muuguzi wa zahanati aje na kipimo siku ya Mkutano Mkuu, akawapima wanachama kabla ajenda haijafunguliwa. Chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku, pamoja na ile iliyomo katika samaki wa ng'onda. Tumbaku iachwe kabisa, hata na wale wanaoilima. Mkulima ashikaye jembe hana haja ya kuhimizwa mazoezi. Katibu na mtunza ghala ndio wanaopaswa kutembea.

Aliyeandikiwa vidonge vya shinikizo asiviache kwa kuwa anajisikia mzima, maana vidonge vyenyewe ndivyo vinavyomweka katika hali hiyo. Na anayepungukiwa na fedha za dawa kabla malipo ya pili hayajatolewa amweleze mganga mapema, kwani ziko dawa za bei nafuu zinazofanya kazi ile ile.