Mwendo na Afya ya Jamii (Sehemu ya Tatu): Jibu Lisilotarajiwa Kutoka Yaeda

Wiki iliyopita tuliwaacha makondakta wa mabasi ya ghorofa ya London. Mwaka 1953 Jerry Morris alionyesha kwamba waliugua moyo kwa uchache kuliko madereva, kwa kuwa wao walishinda wakipanda na kushuka ngazi na dereva alishinda kitini. Leo tunarudi nyumbani Tanzania, wilayani Mbulu, katika bonde la Yaeda wanakoishi Wahadzabe, ambao baadhi yao hadi sasa hula kwa kuwinda, kurina asali na kuchimba mizizi.

Kwao, karibu na Ziwa Eyasi, ndiko alikokwenda Herman Pontzer, mtafiti wa Marekani, pamoja na Brian Wood na David Raichlen. Walitaka kujua mtu wa maisha hayo hutumia nishati kiasi gani kwa siku. Waliopimwa walikunywa maji yenye hidrojeni nzito na oksijeni nzito, ambazo hazimdhuru mtu. Hidrojeni hiyo hutoka mwilini pamoja na maji peke yake. Oksijeni hutoka pamoja na maji na pia pamoja na hewa ya ukaa katika pumzi. Ukipima mkojo kwa siku kadhaa na kulinganisha kasi ya kutoka kwa hizo mbili, unapata kiasi cha hewa ya ukaa, na kutoka hapo nishati iliyotumika.

Matokeo yalitoka mwaka 2012, kwa watu wazima 30. Wanaume walitembea kilomita 11 hivi kwa siku, wanawake karibu 6. Wanawake hao ndio wanaochimba mizizi: wanachuchumaa, wanapigilia mti uliochongwa ncha na kukaushwa kwa moto, wanang'oa mawe, kisha wanabeba mzigo hadi kambini, mara nyingi mtoto akiwa mgongoni. Hata hivyo, ukizingatia ukubwa wa mwili, nishati yao ya siku nzima haikuzidi ya Wamarekani wa maisha ya kukaa.

Pontzer anaeleza kwamba mwili una bajeti. Ukizoea kutumia zaidi katika mwendo, hubana mahali pengine. Kwa hiyo anayetembea ili tu apungue uzito huenda akakata tamaa mapema, na naona ni haki aambiwe hivyo waziwazi: kitambi kinaamuliwa zaidi na sahani.

Basi mwendo una faida gani? Mwaka 2017 Raichlen na wenzake walichapisha vipimo vya mapigo ya moyo ya Wahadzabe. Walikuwa katika shughuli za wastani au nzito kwa takriban dakika 135 kila siku. Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima apate angalau 150 kwa wiki. Shinikizo la juu la damu lilikuwa nadra kwao, na mafuta ya damu yalikuwa katika viwango vizuri. Kinachonufaika hapa ni moyo na mishipa, hata mizani isiposogea.

Na wanapumzika sana pia. Utafiti wa mwaka 2020 uliwakuta wakitulia karibu saa 10 kwa siku, sawa na watu wa mijini. Ila sehemu ya saa hizo wanachuchumaa au kupiga magoti, na misuli ya miguu huendelea kufanya kazi kidogo kidogo. Kiti huizima.

Naomba tusiwatazame Wahadzabe kama masalia ya kale. Ni raia wa leo, na mwendo wao unahitaji ardhi. Mwaka 2011 walipata hati ya kimila juu ya zaidi ya hekta 20,000 za Yaeda, baada ya miaka mingi ya kusukumwa na mashamba na mifugo. Wilayani Hanang mambo yalikwenda vingine: kuanzia miaka ya 1970 mashamba ya ngano ya serikali, yaliyosaidiwa na Kanada, yalichukua takriban ekari 100,000 za malisho bora ya wafugaji wa Kibarabaig na kukata njia za mifugo kwenda kwenye maji na chumvi. Daktari anapomshauri mfugaji atembee, swali la atembee wapi ni la afya pia, na linapaswa kufika kwenye meza zinazogawa ardhi ya mkoa wa Manyara.

Wiki ijayo: wafugaji wa Hanang na uzee.