Siku mbili Bangkok: Masoko yanayomfunza mkulima kuuza

WAFANYABIASHARA wengi wa Afrika Mashariki wanaofika Bangkok, mji mkuu wa Thailand, huishia kwenye maduka ya nguo ya Pratunam. Hufunga mizigo na kurudi nyumbani bila kuona kitu kingine.

Hata hivyo, mwenye siku mbili za ziada anaweza kuona mengi. Kwa mkulima au mchuuzi, kivutio kikubwa cha jiji hilo si maghorofa bali masoko yake.

Pa kuanzia ni Pak Khlong Talat, soko la maua lililo karibu na Mto Chao Phraya. Soko hili halilali. Usiku wa manane ndipo shughuli hupamba moto. Waridi, asumini na okidi hushushwa kwa mafungu, na palepale akina mama huyatunga kuwa mashada ya kupeleka kwenye mahekalu ya Kibudha au kutundika ndani ya magari.

Ua linalonyauka kwa siku moja lina mnunuzi kila siku. Hiyo ndiyo siri ya soko hilo.

Lakini si wote waliofaidi. Mwaka 2016 mamlaka ya jiji iliwaondoa wachuuzi waliokuwa wakipanga maua kando ya barabara. Waliotaka kuendelea iliwabidi watafute nafasi ndani ya majengo ya soko. Machinga wa Dar es Salaam hahitaji kuelezwa maana yake.

Jirani na hapo lipo Kasri Kuu la wafalme, lililoanza kujengwa mwaka 1782 Mfalme Rama wa Kwanza alipohamishia mji mkuu ng'ambo hiyo ya mto. Mgeni avae nguo za heshima. Kaptura na nguo zisizo na mikono haziruhusiwi.

Tahadhari ni moja. Nje ya kasri hujitokeza watu wenye lugha tamu wakidai kuwa leo limefungwa, kisha humpakia mgeni kwenye bajaji kwa nauli ya bure hadi duka la vito. Huko huuziwa jiwe hafifu kwa bei ya kuruka. Thailand ni kituo kikubwa cha kukata vito, yakiwamo mawe yanayochimbwa Afrika Mashariki, na mwenye mtaji mdogo anaweza kuupoteza wote kwa saa moja. Dawa ni kwenda hadi getini na kujionea mwenyewe.

Siku hiyohiyo, treni ya chini ya ardhi humfikisha mtu Or Tor Kor, soko linalosimamiwa na shirika la serikali la masoko ya wakulima. Hapa maembe, shokishoki na mafenesi hupangwa kwa ukubwa na ubora. Fenesi limeshamenywa na kuwekwa kwenye visahani. Mnunuzi hali utomvu, anakula tunda.

Mfalme wa soko ni duriani. Katika Mkoa wa Chanthaburi, tarehe za kuanza kuvuna hutangazwa kila msimu, na anayeuza duriani changa anaweza kushtakiwa. Sababu ni kwamba tunda moja bovu humkimbiza mteja wa matunda mia. Kenya nayo imekuwa ikisimamisha usafirishaji wa parachichi kwa meli msimu unapokwisha, kwa hofu ileile ya matunda machanga.

Siku ya pili ni ya nje ya jiji. Huko Mae Klong, soko limekaa juu ya reli. Treni inapokaribia, wachuuzi hukunja maturubai na kusogeza bidhaa. Ikishapita, biashara huendelea kama kawaida.

Kisha ni Damnoen Saduak, soko la mitumbwi lililo umbali wa kilometa 100 hivi kutoka Bangkok. Mfereji wake ulikamilika mwaka 1868, na kwa miaka mingi wakulima waliutumia kusafirisha na kuuziana mazao. Barabara zilipofika, mazao yakahamia kwenye malori. Mitumbwi iliyobaki sasa huishi zaidi kwa fedha za watalii.

Funzo la safari hiyo si geni, ila ni rahisi kulisahau: soko humfuata mnunuzi. Mkulima anayepanga madaraja, kusubiri tunda likomae na kulifungasha vizuri ndiye atakayebaki, hata njia ya kupitisha mazao ikibadilika.